Kijivu Kitupu

Muuzaji anafungua kifuniko kama anayefunua chungu
na rangi zinaruka: kasuku, zabibu, ziwa lisilo na mtu.
"Tazama weusi huu," anasema, "weusi wa kweli."
Mimi sikuja kutazama rangi.
Nimevuka Tbilisi kwa metro na basi, buti zimelowa theluji,
nije kuomba kitu kimodogo:
niwekee kijivu.

Kijivu?
Kijivu kitupu, skrini nzima, bila saa, bila betri pembeni,
kijivu cha jivu la jana.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.
Ile ya zamani iko hapa mkobani, tazama:
miaka sita nimeifanyia hesabu za tanuri la mkate la Lamara,
unga, chachu, umeme, mishahara ya watu wanne,
na safu zile zimeganda kwenye kioo.
Nikifungua filamu usiku, mwigizaji anabusu nyuma ya nondo.
Nikiandika barua, tarakimu zinachungulia kati ya maneno:
Machi ya mwaka juzi, hasara.

Na huku chini, kulia, kimstatili
kama stempu iliyobanduliwa kwenye bahasha.
Hapo ndipo alipokaa kaka yangu Zurabi
kila Jumapili, kutoka karakana za meli Gdansk,
akila huku akiongea, simu kaiegemeza kwenye chupa,
mpaka Novemba.
Sura haikubaki. Iliyobaki ni fremu.
Hata kioo kina ubahili wake.

Malkhazi (jina liko kwenye kibandiko cha kifuani)
ananipa somo kwa upole wa daktari wa meno:
kuna kivuli, na kuna kovu.
Kivuli, pikseli zikipumzika, hutoka.
Kovu ni uchovu. Halitoki, mama, hata kwa maombi.
"Na hii mpya?"
"Ya kisasa hii, inajihadhari yenyewe."
"Na dhamana?"
Anakohoa. Dhamana ina kurasa kumi na moja,
kovu halimo hata kwenye moja.

Basi tujaribu. Anaweka ubao wa drafti, nyeusi na nyeupe,
dakika kumi kwa saa ya ukutani.
Tunasubiri kama wanaosubiri majibu ya damu.
Analeta chai kwenye glasi. Anauliza watoto. Sina.
Ananionyesha wake: wawili, meno ya mbele hayapo.
Dakika ya saba anaingia kijana kununua waya,
anatukuta tumeikodolea drafti isiyo na kete,
anatoka polepole bila waya.

Kumi.
Kijivu.
Nasogeza uso mpaka pumzi yangu inatia ukungu.
Je, pale? Mraba? Au ni macho yangu
yamebeba drafti yao wenyewe?
Nafumba. Ndani ya kope, miraba ileile, ya kijani.
Nafumbua. Hakuna. Labda hakuna.
"Mama," anasema Malkhazi,
"skrini iliyoungua ni hiyo yako ya usoni."
Tukacheka. Mimi nikaacha kabla yake.

Lari elfu mbili na mia tatu. Ya zamani anaichukua kwa themanini;
angetoa mia na hamsini, asema, kama si madoa.
Kabla ya kuiweka rafuni anatoa kitambaa,
anapangusa pembe ile ya chini, kulia,
anapangusa tena,
mkono wa mtu aliyezoea vumbi.
Sikumwambia kitu.

Nyumbani nimeficha upau, nimeficha saa,
mandhari nyeusi, mwangaza robo.
Nimeiamuru izime ikiachwa dakika mbili.
Lakini mimi msomaji wa taratibu,
na kabla sijafika chini ya ukurasa, giza:
uso wangu, na taa ya jikoni nyuma yangu.
Nagusa kitufe.
Nipo, naiambia. Nipo bado, nasoma tu.
Inawaka. Sisogei.
Inazimika.
Nipo.
Usinikariri.