Wajina

Mvua ya Moshi leo ni ile ya ukungu, hailowanishi kwa pupa.
Nimepiga magoti chini ya meza ya mizani,
ghala namba nne, tochi mdomoni,
nahesabu taa za kijani kwenye swichi.
Ya kwanza inapepesa. Ya pili inapepesa.
Ya tano imekodoa tu.

Tangu juzi kahawa ya kona ya mashariki
ina unyevu wa aina mbili:
dakika hii asilimia kumi na moja, ijayo kumi na sita,
kisha kumi na moja tena,
kama mtu anayebishana na nafsi yake.
Bi Aikande, mpima kahawa, hakuiangalia hata grafu.
Alibana punje moja kwa jino, akaitema.
"Hii imekauka. Chombo chako ndicho kilicholowa."

Nimeifuata kebo kwa mikono
kama watu wa kwetu wanavyoufuata mfongo
kutafuta nani kayaziba maji huko juu.
Waya ni mzima. Kichwa chake kimeshika, kimelia *tik*.
Panya wa ghala hili, kwa mara ya kwanza, hana kesi.

Nikakaa juu ya gunia, nikaita kwa laptopu:
Ishirini na moja, upo?
Nipo.
Ishirini na moja, upo?
Nipo,
lakini namba ya kiwandani, ile aliyozaliwa nayo,
haikuwa ya yule aliyejibu kwanza.

Nilicheka peke yangu, tochi ikaanguka.

Kibosho, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu.
Baba na ndugu zake ni wanne.
Basi uani kwa bibi tulikuwa akina Ndekirwa wanne,
na bibi akiita, "Ndekirwa, lete kuni!"
ama tulikuja wote tukagongana mlangoni,
ama kila mmoja alimwachia mwenzake
na moto ukazimika.
Bibi hakusomea mitandao.
Siku moja alitupanga ukutani, akagawa:
wewe wa Mgombani, wewe Mrefu, wewe Kengeza,
na wewe, mwisho, wa Mfongoni.
Hakuita tena mara mbili.

Na mimi, niliyesomea,
Ijumaa ile nilinakili mipangilio ya kinasa kimoja
nikaimimina kwenye kingine, haraka haraka,
umeme ukitishia kukatika,
nikasahau tarakimu moja ya mwisho.
Kimoja kimelala katikati ya kahawa kavu,
kingine kando ya mlango unaovuja.
Nikavibatiza jina moja, nikafunga kufuli, nikaenda zangu.
Siku tatu vimeitika pamoja,
na mimi nikaita hiyo hitilafu.

Sasa wa mlangoni ni ishirini na mbili.
Nimeandika kwa kalamu nene juu ya plasta, nikambandika mgongoni.
Unyevu umetulia: kumi na moja huku, kumi na sita kule.
Bi Aikande alikuwa sahihi. Mlango nao ulikuwa sahihi.

Imebaki saa.
Kinasa kinasema kumi na saba, kwa saa ya huko Uingereza.
Laptopu inasema ishirini.
Mlinzi anapita na chai, anasema saa mbili hii, fundi, nenda kale.
Wote watatu wanasema kweli.
Nikaandika juu ya safu ni kweli ya nani,
asije mwingine akalaumu mvua
kwa saa ambayo haikunyesha.

Kabla ya kuzima niliita tena.
Ishirini na moja: nipo. Ishirini na mbili: nipo.
Milisekunde mbili, huko na kurudi.

Kisha nikatoa simu, nikatafuta namba ya Mirerani
ambayo sijaipiga tangu tumzike bibi.
Iliita. Iliita. Ikapokewa, kelele za mashine nyuma yake.
"Nani?"
"Ndekirwa."
Kimya kidogo.
"Yupi?"