Watu Kumi na Mmoja Wametazama

Kizuri chajiuza, ndivyo tulivyofunzwa.
Kamwambie hayo Lamara Kobalia
mwenye chumba cha kupangisha ghorofa ya tatu,
mtaa wa Sololaki, Tbilisi.
Leo siku ya ishirini na sita kiko mtandaoni,
na chini ya picha, kwa herufi za kijivu:
watu kumi na mmoja wametazama.
Saba kati yao ni yeye mwenyewe,
usiku, kwa miwani ya marehemu mumewe,
akihakikisha kama chumba bado kipo.

Picha aliipiga saa mbili usiku,
taa ya dari ikimwaga unjano kama uji,
kidole gumba kimejibanza pembeni.
Kitanda kilionekana kama kinaumwa.
Maelezo: *Chumba. Kizuri. Piga simu.*

Akaja Vakho wa ghorofa ya chini,
mpiga picha za harusi, mjuzi wa kurembesha.
"Bibi, watu hawasomi, wanatelezesha kidole.
Unao muda wa kupepesa jicho, basi.
Fungua mapazia, ngoja asubuhi,
dirisha litangulie. Ondoa ndoo. Ondoa dawa.
Na mzee huyo ukutani, mwondoe:
nani atalala akikodolewa macho
na mtu asiyelipa kodi?"

Lamara akaishusha picha ya mumewe,
akaigeuza uso, akaigeuza tena,
akaitia kabatini,
akaacha mlango wazi kidogo.
Hewa.

Vakho akaandika: *Chumba angavu, tulivu,
chenye haiba, dakika tatu kutoka kila kitu.*
Watazamaji mia mbili na arobaini!
Waliopiga simu: mmoja, muuza bima.
Aliyefika: kijana wa viatu vyeupe,
ambaye hajavuka hata kizingiti
tarumbeta ya jirani ikapasua ukuta.
"Mlisema tulivu," akasema,
akashuka akihesabu ngazi kwa sauti, kama anayeandika madai.

Usiku ule Lamara hakumwita mtu.
Aliandika kwa kidole kimoja
mpaka chai ikafanya utando:

*Ngazi ni sitini na nne. Ya arobaini imelegea, ikanyage pembeni.
Jirani anajifunza tarumbeta Jumanne na Ijumaa.
Anajua wimbo mmoja, na hajaumaliza.
Maji ya moto huja ukihesabu hadi tisini; usikate tamaa kwenye sabini.
Mwezi wa tisa utachuma zabibu bila kutoka kitandani,
ila nyigu nao wanalijua hilo.
Chumba kilikuwa cha kusomea cha mume wangu.
Hakusoma sana humo, alilala.
Lari mia tano. Mimi sikoromi, nadhani.*

"Bibi, umekiua chumba!" Vakho alishika kichwa.
Kufikia adhuhuri, elfu tatu wametazama.
Wengine walicheka, wakawatumia wenzao.
Mmoja wa Tallinn akauliza mpiga tarumbeta amefika wapi.
Mwingine akamposa.
Simu ikatetema mezani mpaka ikaisogelea sukari,
na Lamara akaketi mbele yake,
mikono mapajani, kama mgeni kwake.
Elfu tatu, na kitanda bado kitupu.
Alikuwa hajui kwamba kutazamwa na kufikiwa
si ndugu hata wa mbali.

Jioni alipiga mwanamke, Mzia,
sauti yenye usingizi na unga.
Huoka mikate upande wa pili wa mto,
hutoka saa kumi alfajiri, gizani.
Hakuuliza bei. Hakuuliza haiba.
"Ile ngazi ya arobaini," alisema,
"niikanyage kulia au kushoto?"

Lamara akafungua mdomo.
Miaka thelathini na minane miguu yake inajua;
mdomo haukuwahi kuulizwa.
"Subiri," akamwambia, "usikate,"
akavaa kandambili,
akaanza kushuka.