Niliiuliza Miguu

Katoni ishirini na mbili za vigae
zilipanda Cimpunda migongoni mwa watu watatu,
maana gari lilikataa mlima
na mvua ilikuwa imekwisha kuila njia.
Vigae vyeupe, vyenye mishipa ya kijivu,
vinavyong'aa kama watu wasiotujua.

Mume wangu alisema: nyumba nzima,
kuanzia mlangoni hadi chini ya vitanda.
Alishalala hotelini mara moja.
Fundi Zihalirwa akapima kwa kamba, akanyamaza,
akanitazama mimi.
"Mama, karo ni kama mkwe.
Ipe mahali pake, mtaheshimiana."

Usiku ule nikavua kandambili.
Saa kumi, ukungu ukitoka ziwani
na kuupanda mlima polepole, nyumba kwa nyumba,
nilishika kigae kimoja kwapani,
nikakilaza chumba hata chumba,
nikasimama juu yake miguu mitupu
nikihesabu.

Jikoni nilifika mia bila kujua.
Mbabula ilikuwa na kaa moja bado hai.
Hapa, nikasema. Hapa mawese humwagika,
unga wa muhogo hutafuta kila ufa,
na mpishi hasimami mahali pamoja
hata baridi ipate kumshika.

Bafuni, themanini. Sawa,
anayeoga kwa kopo ana haraka zake.
Lakini viwe vile vya mkwaruzo, si hivi vya kioo:
nyonga ya mtu haiuzwi sokoni Kadutu.

Barazani sikuhesabu.
Niliyakumbuka matope ya Novemba,
viatu vya watoto wanne, na mgongo wangu.

Kwa watoto, thelathini.
Asifiwe anatambaa; magoti ndiyo miguu yake,
na viganja, na wakati mwingine shavu,
akichoka katikati ya safari.
Nikakiokota kigae, nikatoka.

Kwa mama mkwe nilifika kumi na saba.
Baridi ilinipanda mfupani
kama mtu anayeijua ngazi.
Hapo ndipo anapopiga magoti na rozari yake,
mafungu yote matano, na nyongeza za marehemu.
"Nani?"
"Mimi, mama."
"Unatafuta nini gizani?"
"Sakafu yako."
Akacheka ndani ya blanketi.
Akasema kwao Kabare walilala juu ya majani makavu,
na sakafu ile haikumdai mtu soksi.

Sebule ndiyo iliyotugombanisha.
Asubuhi nilimwambia mume wangu:
siku moja, yangu au yako,
wanawake watatandika mikeka hapa,
watalala chini siku watakazolala,
na mmoja wetu hatakuwepo
kuwaomba radhi kwa baridi hii.
Alikoroga chai muda mrefu,
chai isiyo na sukari.
"Na wageni walio hai, je?"

Basi tukaikata sebule:
vigae hadi pale viatu vinapoachwa,
kisha mbao za mkaratusi.
Zihalirwa aliulaani ule mshono siku mbili nzima.
Mbao zinalia tukipita usiku.
Watoto wanajua ipi inalia na ipi inatunza siri.

Katoni tisa zilibaki.
Nane tuliziuza, kwa bei ambayo bado hatuitaji mezani.
Moja iko uvunguni, upande wa mume wangu,
na mimi sikuuliza kwa nini.

Juzi homa ilimpanda.
Meno yalitulia, mwili ukawa jiko,
kitambaa cha maji kikakauka kabla sijakigeuza.
Akanyosha mkono chini ya kitanda, akapapasa,
akasema, nipe kimoja.
Nilikipangusa vumbi kwa kitenge,
nikampa.
Akalaza shavu.