Mwenye Tupa Hatupi

Wadi Kabir, saa nne asubuhi, na bati la paa
limeshaanza kulia kwa joto.
Nalifungua gurudumu la Ami Muhenna
katika kipande cha kanga, jina lake limekatwa katikati:
USIYAONE.

Meno ishirini na matatu. Shaba ya bomba la meli kuukuu.
Aliiyeyusha uani, akaimimina kwenye mchanga wa wadi,
akachonga jino baada ya jino kwa tupa
mwaka ule pampu ya Barka ilipokufa
na vipuri vilikuwa miezi mitatu mbali, vije au visije.
Mchoro hakuwa nao. Alikuwa na bikari,
uzi, na ukucha wa kidole gumba.

*Mwenye tupa hatupi*, alikuwa akisema,
akiucheka mzaha wake peke yake,
nasi watoto tumeshika tochi, mikono imekufa ganzi.

Sasa Bi Shinuna amenipigia simu. Limekwisha.
Limelika kama meno ya mzee aliyependa miwa.
Nichongee jipya, la mashine,
nimechoka kuisomea pampu dua.

Nikalilaza chini ya taa nyekundu ya kipimio.
Taa ikalilamba taratibu, ulimi wa paka,
na kwenye kiwambo likazaliwa wingu la nukta
laki tatu na ushei,
halina uzito, halinuki mafuta ya taa.
Nikaziunga nukta. Nikavuta duara.
Kompyuta haipendi kusitasita:
tundu la katikati, milimita kumi na moja nukta nane tatu,
ikaniuliza, kwa adabu, kama sikukusudia kumi na mbili.
Nikakubali kumi na moja nukta nane. Tukapatana.

Kisha jino la kumi na saba.
Limelala kushoto, kidogo tu,
unene wa kope mbili tatu.
Uzee, nikasema. Au magharibi ilimkuta na macho yamechoka.
Nikalifuta. Nikachukua jino moja zuri
nikalizungusha mara ishirini na tatu
na likawa ua.

Sasidharan akakaza shaba mpya kwenye taya za mashine,
akabonyeza, akaenda kunywa chai.
Dakika arobaini na moja.
Ami alitumia siku tisa, na mbili za homa.

Barka. Bi Shinuna kasimama kwenye migomba, mikono kiunoni.
Pampu ikakohoa, ikashika, ikazunguka,
na kila mzunguko, pale pale, *tak*.
*Tak*. Mtu anabisha hodi kwa ukucha.
Ijumaa jino likakatika.

Jino la pembe, akasema Bi Shinuna,
akatema kokwa ya ndimu, hakumalizia.

Nikaivua shafti, nikaiviringisha juu ya kioo.
Imepinda. Tangu lini?
Tangu kabla sijazaliwa.
Hakuwa na shafti nyingine, na miche ilikuwa inakauka,
basi akalilaza jino moja liupokee ule upindo,
kama unavyopunguza mwendo
ukifuatana na mtu anayechechemea,
bila kumwambia.

Nikarudi kwenye kiwambo. Nikalilaza jino la kumi na saba.
Mstari mwekundu: umbo halilingani.
Nikalilaza tena. Kisanduku kikafunguka, kinataka sababu,
hakifungiki mpaka ujibu.
Nikaandika: Barka.

Lilipotoka mashineni lilikuwa na ncha ndogo kali pembeni,
zile ambazo mashine haizioni.
Nikatafuta tupa yake, mpini wa mpera,
nikazipitia. Mara sita. Saba.

Lile la zamani liko kwa Bi Shinuna,
linagandamiza kifuniko cha mtungi wa achari.
Maji yanafika mpaka mgomba wa mwisho.

Na lile ua bado ninalo kwenye kompyuta,
meno ishirini na matatu, yote ndugu.
Wakati mwingine nalifungua nikalizungusha.
Zuri. Halina kelele.
Halijanyweshea mti wowote.