Muziki wa Nyuma

Dakika nne za viazi vikichanua, Januari,
nyanda za juu za Oruro, mawingu yamekaa mabegani mwa watu.
Niliweka filimbi za matete. Bosi kule La Paz alishasema,
"Weka kitu cha Andes." Nikaweka, nikaenda kunywa chai.

Bi Eusebia Colque, aliyekuja kututafsiria Kiaimara,
alivua spika za masikioni kama aliyeng'atwa.
"Hizi ni za kiangazi. Zinaita jalidi.
Unataka kuniulia shamba humo ndani ya kompyuta?"

Nilicheka.
Yeye hakucheka.
Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka:
mpwa wake Severo, filimbi ya mti iliyolowekwa maji usiku kucha,
sauti pana, yenye mikwaruzo,
na mbwa akibweka katikati.

"Mbwa nitamtoa," nikasema.
"Mbwa ni wa hapo hapo," akasema.

Mkoa nilikuwa nimeupata.
Mwezi sikuuliza.

Jioni bosi akapiga: mbona muziki unakwaruza,
mbona hausikiki kama milima?
Nikamjibu viazi bado vina maua.