Bati la Kumi na Saba

Kwa saa mbili pampu zinashindilia hewa matangini,
nasi tutaimaliza kwa sekunde saba.
Nje, Novosibirski imezama thelujini hadi magotini.
Rimma Gavrilovna anakaza skrubu ya thelathini na mbili,
hatazami, anausikiliza mkono,
kama afungavyo chupa za matango ya siki:
ikaze, ila isilie.

Katikati ya skrubu limelala bati,
jembamba kuliko kucha yangu,
ngozi ya ndege ambayo haijaundwa.

"Tayari?" Gleb anauliza, yuko kwenye valvu.
Hajibiwi. Humu kimya ndiyo ndiyo.

Kisha si sauti, ni uzito.
Vikombe vya chai vinatembea mezani.
Kiooni mwanga umechora mstari mweusi,
umeinama kama ufagio ulioegemezwa ukutani:
wimbi la mshtuko.
Upande huu hewa haina habari.
Upande ule imekwisha kubanwa, imekwisha pata moto,
na onyo halikufika.

Nilifundishwa hivi: wimbi hupiga, bati hupigwa.
Mtenda huyu, mtendwa yule, futa ubao, nenda nyumbani.

Lakini itazame filamu picha kwa picha,
usiku, Gleb amekwenda kulala.
Bati linabonyea, unyayo wa wimbi unateleza.
Bati linafura, unyayo unarudi
na kulikanyaga pengine.
Nani sasa anampiga nani?
Kupiga, kupigwa:
vitenzi vyangu viwili havitoshi,
nautafuta mnyambuliko wa tatu.
Kupigana? Hapana, hapa hakuna ugomvi.
Kuitikiana, labda,
mara mia mbili kwa sekunde,
bila yeyote kukumbuka nani alianza kuita.

"Si muweke chuma kinene?" aliuliza mgeni wa kiwandani.
Rimma alimtazama
kama aliyeshauri mtoto ashonewe koti la mawe.
"Na itapaa na nini?"

Sekunde ya saba. Valvu.
Masikio yanauma kwa kukosa kitu.

Tunafungua. Bati lina baridi ya samaki.
Anapitisha kidole katikati,
palipocheza, palipobonyea na kufura:
pazima.
Anapitisha ukingoni, kando ya skrubu ya kumi na tisa,
palipobanwa, palipokatazwa kutikisika,
na kidole kinasita.

Ufa. Unywele wa nyusi.

Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti,
anaivaa, anatazama tena. Upo.
Anaandika kwa penseli: *kumi na tisa, milimita nne.*
Halafu, kwa herufi ndogo, pembeni,
*mkono wangu.*

Gleb amekwisha washa pampu.
Rimma anavuta droo, anatoa bati la kumi na nane,
analiinua kwenye taa,
analipuliza vumbi kwa mdomo.

Huo ndio upepo wake wa kwanza.