Mkia wa Ng'ombe Aliyerudishwa

Hita niliinunua Jumanne, theluji ikifika vifundoni,
nikaipandisha ghorofa nne kwa miguu
nikipumzika kila kona ya ngazi kama mwenye mimba.
Juu ya boksi lilifungwa blanketi la sufu,
rangi ya bizari, na kikaratasi:
"Zawadi yako. Asante kwa kutuchagua."

Hita ilinguruma siku tatu,
ya nne ikanuka nywele zilizoungua,
ya tano ikawa sanduku.
Kaunas nzima ilikuwa imeganda; mto Nemunas
umelala chali, haugeuki.
Mimi na paka wangu Pupa tukaingia chini ya blanketi
na humo, Mungu anisamehe, tukapata usingizi
ambao hita haikuwahi kutupa.

Binti wa kaunta anaitwa Ugnė,
jina ambalo kwetu lina moto ndani yake.
Vidole vyake vilikuwa vyekundu; mlango ule haufungi vizuri,
kila mteja huingia na kipande chake cha baridi.
Akahesabu: waya, upo. Kijitabu, kipo.
Rimoti, ipo, na betri zake.
Akanisogezea fomu. Mstari wa mwisho uliuliza
kama vyote vilivyokuja na bidhaa vimerejeshwa.
Nikaandika "ndiyo".
Kalamu haikukwama hata kidogo.

Pesa nilirudishiwa kamili, hadi senti.

Jirani yangu Zigmas, aliyekuwa mhasibu wa reli,
alicheka hadi chai ikamtoka puani.
"Stasė, zawadi haipo! Bei ya blanketi wameificha
tumboni mwa bei ya hita. Ulikwisha kulilipia."
Nikamwambia: na bei nimerudishiwa, pamoja na tumbo lake.
Akanyamaza. Akaongeza sukari.
"Basi lihesabu kuwa fidia. Siku za baridi,
ngazi zile, mgongo wako."
Fidia. Neno zuri, limevaa koti na tai.
Lakini fidia hukubaliwa na pande mbili,
nami nilikuwa nimejiamulia peke yangu,
mlalamikaji, hakimu, na karani wa kugonga muhuri.

Husemwa aliyekula ng'ombe mzima asishindwe na mkia.
Mimi ng'ombe nimemrudisha na kwato zake,
mkia nimebaki nao kitandani.

Wangeniambia "chukua", ningechukua.
Wangeniambia "rudisha", ningerudisha nikinung'unika.
Hawakusema kitu. Ukimya wa mwenye mali
una upana gani? Mtu aweza kujifunika nao?

Jumatatu nikalikunja,
nikayabandua manyoya ya Pupa kwa gundi ya karatasi
(mengine yaligoma),
nikalipeleka.
Ugnė akaliona kabla sijafungua mdomo.
Akageuka nyuma: mlango wa meneja uko wazi.
"Mama, lifiche," akanong'ona.
"Ile fomu niliisaini na mimi. Niliandika kwamba nimekagua.
Wakijua, watanikata mshahara."

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.
Uongo wangu ulikuwa na sahihi mbili,
na ya pili ni ya mtu mwenye vidole vyekundu.

Nikarudi nalo ndani ya koti, zito kuliko hita,
nikisimama kila kona ya ngazi,
na safari hii si kwa sababu ya mgongo.

Pupa hakudai risiti. Alizunguka mara tatu, akalala.
Mimi hulala pembeni yake,
nimejifunika hadi kidevuni,
mguu mmoja nimeuacha nje
usiku kucha,
kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo
kwa sarafu isiyopokelewa popote.